Mgema Akisifiwa: Uhakiki wa Hotuba Moja ya Divai

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu sisi walimu huifundisha methali hii kama onyo kwa mgema: asijivune, asiiharibu kazi yake kwa sababu ya sifa. Mara chache sana tumejiuliza juu ya mtu wa pili aliyemo ndani ya methali hiyo, yaani yule anayesifu. Je, alionja kabla ya kusifu? Na ikiwa tembo lilikwisha kutiwa maji wakati yeye akiendelea kulisifu, lawama yote ni ya mgema peke yake?

Makala haya yanahakiki hotuba fupi ya Kiswahili iliyosomwa mjini Kigali mwaka 2025, wakati ilipofunguliwa chupa ya divai iliyotunzwa kwa miaka 29. Mtungaji wa hotuba hiyo ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba ninamwonea mtu. Nimeichagua kwa sababu makosa yake ndiyo makosa ninayoyaona kila juma katika insha za wanafunzi wetu, na pengine katika uhakiki tunaouandika sisi wenyewe.

Sherehe yenyewe

Mwalimu mwenzetu, ambaye sitamtaja jina, alikuwa akistaafu. Alizaliwa uhamishoni upande wa Karagwe, Tanzania. Huko ndiko alikosoma na ndiko alikokipata Kiswahili chake. Alirejea Rwanda mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, akaanza kufundisha Kigali mwaka 1996. Darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto wengi waliopoteza wazazi wao. Mwaka huohuo mgeni mmoja aliyefundisha Kifaransa shuleni hapo alimpa chupa ya divai nyekundu ya Bordeaux ya mwaka 1993, akamwambia aiweke hadi siku atakapoiweka chaki chini. Walimu wengine watatu walikuwapo, wakaahidiana kwamba wataifungua wote pamoja.

Chupa ikawekwa juu ya kabati, imesimama wima, chini ya paa la bati. Familia ilihama nyumba mara mbili, na chupa ikahama nayo. Watoto walikua wakijua kwamba kile ni kitu kisichoguswa. Siku ya sherehe ilipowadia, kati ya wale walimu watatu alikuwapo mmoja tu. Wa pili amekwisha kufariki dunia, na wa tatu yuko nchi ya mbali.

Mimi niliombwa niseme maneno machache ya Kiswahili kabla ya watu kunywa. Niliyaandika kwa siku tatu, nikisaidiwa na kijitabu cha Kifaransa kinachofundisha kuonja divai. Siku yenyewe, kizibuo kilipoingia, kizibo kilivunjika vipande vipande kama mkate mkavu. Ikabidi divai ichujwe kwa chujio la chai. Rangi yake haikuwa tena nyekundu. Ilikuwa ya tofali la zamani. Tulimiminiwa kidogo kidogo, kila mtu akagusisha mdomo. Nami nikagusisha wangu, nikajua. Hata hivyo nikaikunjua karatasi yangu nikasoma, na sentensi ya katikati ilikuwa hii: "Divai hii kongwe, yenye mwili mkubwa na pua ya kifalme, imekusanya ndani yake utamu wa miaka 29."

Watu wakapiga makofi. Makofi yalipotulia, shangazi wa mwenye sherehe, bibi aliyepita miaka 80, aliirudisha glasi yake mezani akasema kwa Kiswahili cha Karagwe, "Mwanangu, hii ni siki. Leteni kachumbari." Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko makofi. Kisha mwenye sherehe akanigeukia, naye anacheka pamoja na wengine, akaniuliza: "Mwalimu, insha hii ungempa mwanafunzi wako alama ngapi?"

Sikumjibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu.

Kongwe au kuukuu?

Kosa la kwanza la hotuba ni kuusifu umri kana kwamba umri ni ladha. Ni imani iliyoenea kwamba divai yoyote ikikaa sana huwa bora. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya divai za dunia hutengenezwa ili zinywewe katika miaka michache ya kwanza. Zinazoweza kukaa miaka 20, 30 au zaidi zikaongezeka uzuri ni chache: baadhi ya zile za Bordeaux zilizo bora, za Barolo kule Italia, divai tamu za Sauternes na Tokaj, na divai ya Porto ya miaka teule. Zinakaa kwa sababu zina akiba ya kuzihifadhi, yaani ukali wa matunda, sukari, au ule ukakasi utokao katika maganda na mbegu za zabibu. Katika divai nyekundu njema, vitu vinavyoleta ukakasi huungana polepole mwaka hadi mwaka, vikawa vizito, vikatua chini kama mashapo. Na divai iliyokuwa ikikaza ulimi hulainika. Chupa ya kawaida isiyo na akiba hiyo haina kitu cha kuungojea.

Isitoshe, hata divai yenye akiba yahitaji malezi. Hutakiwa kulazwa ubavu, ili divai iguse kizibo na kukiweka katika hali ya unyevu. Hutakiwa kukaa gizani, mahali penye ubaridi usiobadilikabadilika wa nyuzi 12 hadi 14 hivi za Selsiasi. Mji wa Kigali uko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, nasi tunapenda kujisifia hewa yetu ya wastani. Lakini juu ya kabati, chini ya bati, mchana ni joto na usiku ni baridi, siku baada ya siku kwa miaka 29. Kizibo kilichotengenezwa kwa gome la mti kikikauka hunywea, hewa huingia, na vijidudu vinavyopenda hewa huigeuza pombe ikawa siki. Shangazi hakutumia mfano wa maneno aliposema siki. Alitaja jina la kitu kilichokuwamo.

Kwa haki, nitaje kwamba joto si adui wa kila divai. Ile ya kisiwa cha Madeira ilipata sifa yake kwa kusafirishwa katika matumbo ya meli zilizopita nchi za joto, na mpaka leo hupashwa joto kwa makusudi. Lakini hiyo hutengenezwa kwa njia yake, tena huongezwa pombe kali. Mtu hawezi kuichukua divai ya Bordeaux akailea kama Madeira, kisha akaidai shukrani.

Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoona aibu yake, kwa maana lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kuniandalia maneno ya kunionya. Kiswahili hakina neno moja tu la kitu cha siku nyingi. Tuna -kongwe, kwa kitu kilichokula miaka kikabaki na heshima yake, kama mti mkongwe. Tuna -kuukuu, kwa kitu kilichochakaa kwa kutumika au kwa kukaa, kama nguo kuukuu. Tuna -a kale, kwa kitu cha zama zilizopita, bila kusema kama ni kizuri au kibaya. Na juu ya hayo tuna -pevu, kwa kitu kilichokomaa. Ndizi pevu bado haijaiva, lakini imekwisha kuwa tayari kwa kuiva. Divai ile ilikuwa kuukuu. Mimi niliiita kongwe kwa sababu karatasi niliiandika kabla ya kuonja, na baada ya kuonja sikuwa na ushujaa wa kulifuta neno moja nikaandika jingine. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo uhakiki mzima wa chupa ile.

Jina na ladha

Kosa la pili ni kulisifu jina. Hotuba yangu ililitaja neno Bordeaux mara nne. Sikuwa nimewahi kuonja divai ya Bordeaux iliyokaa miaka kumi, seuze 29. Nililisifu kwa sababu wengine walilisifu.

Yafaa tukumbuke jambo lililotokea Paris tarehe 24 Mei 1976. Mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwakalisha waonjaji mashuhuri wa Ufaransa mbele ya divai za Ufaransa na za California, majina yakiwa yamefichwa. Walipojumlisha alama, divai nyekundu iliyoongoza ilikuwa ya Stag's Leap Wine Cellars ya mwaka 1973, na nyeupe iliyoongoza ilikuwa ya Chateau Montelena ya mwaka huohuo. Zote mbili zilitoka California. Waonjaji wale hawakuwa wajinga. Walikuwa mabingwa wa kazi yao. Ila siku ile jina halikuwapo la kuwasaidia, ikabidi ulimi ufanye kazi peke yake.

Wasomaji wetu Wakristo watakuwa wamekwisha kukumbuka arusi ya Kana katika Injili ya Yohana. Mkuu wa meza aliionja divai bila kujua ilikotoka, akatoa hukumu yake kwa bwana arusi kwamba iliyo njema imewekwa hadi mwisho. Watumishi walijua asili yake; yeye hakujua. Kwa sababu hiyo ushahidi wake una uzito: hakumsifu mtu, aliisifu ladha. Kila mhakiki angefaa kumchukua mkuu yule wa meza kuwa mwalimu wake.

Wala hatuna haja ya kwenda Paris wala Galilaya ili kuliona jambo hili. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya mashindano ya kahawa yaitwayo Cup of Excellence. Katika mashindano hayo kikombe hupewa namba tu. Mwonjaji hajui kama kahawa ni ya mkulima wa kando ya Ziwa Kivu au wa mahali pengine. Huvuta harufu, huonja, huandika alama. Mkulima mdogo asiyejulikana aweza kumshinda mwenye sifa kubwa. Basi ustadi wa kuonja kwa haki tunao katika nchi hii. Nilikuwa nao mlangoni nikaenda kuazima kijitabu.

Maneno ya kuazima

Kosa la tatu linatuhusu zaidi sisi wa lugha. Niliandika "yenye mwili mkubwa" na "pua ya kifalme." Msomaji anayejua Kifaransa atatambua mara moja mahali maneno haya yalikotoka. Kifaransa husema kwamba divai ina mwili, kikimaanisha uzito wake mdomoni, na kwamba ina pua, kikimaanisha harufu. Kwa Mfaransa ni usemi wa kawaida. Kwa shangazi wa Karagwe, divai yenye mwili na pua ni kiumbe, labda jini la chupani.

Kuna hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, nayo ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya kwa kuwa ni lugha ya Waislamu, watu wasiokunywa pombe. Hapa Kigali hoja hiyo ina historia. Kiswahili kiliingia pamoja na misafara, biashara na askari wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kikakaa zaidi miongoni mwa Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo. Kwa muda mrefu watu wengine wa mji walikitazama kwa dharau, wakakiita lugha ya wajanja. Sheria ya mwaka 2017 iliyokifanya kuwa lugha rasmi ya nchi ilikiondolea uchache wa heshima, lakini mazoea ya fikira hayafutwi na sheria siku moja.

Hoja yenyewe haisimami. Methali ya mgema ilizaliwa pwani, katika jamii ya Waislamu, nayo ina ndani yake ujuzi kamili wa tembo, wa sifa na wa udanganyifu. Watu waweza kujiepusha na kitu na bado wakawa na maneno yake yote, tena maneno makali. Hebu tuhesabu. Kugema ni kukata kole la mnazi ili kupata tembo. Tembo lililotoka kugemwa ni tamu; likikaa huchacha likawa kali; likipitiliza huwa siki. Kuvundika ni kuzifunika ndizi mpaka ziive. Ukakasi ni ule ukavu unaoukaza ulimi, kama ulaji wa ndizi mbichi. Mashapo ni yale yanayotua chini. Kuzibua ni kufungua kilichozibwa. Divai yenye mwili ni divai nzito. Yenye pua ni yenye harufu nzuri. Na ile ambayo Wafaransa husema ni ndefu mdomoni, sisi twasema ladha yake hukawia.

Maneno mvinyo na divai yenyewe ni ya kigeni. La kwanza lilitoka kwa Wareno na la pili kwa Wafaransa, na Kinyarwanda pia husema divayi. Sioni ubaya wowote hapo. Kitu kilikuja na jina lake, jina likavishwa nguo za kwetu, na leo mkulima wa Dodoma anayevuna zabibu husema divai bila kufikiri juu ya Ufaransa. Kuazima neno kwa kitu kigeni ni jambo la afya. Kuazima usemi mzima, huku usemi wetu umelala ndani, ni uvivu uliovaa koti.

Kibuyu cha urwagwa

Baada ya kicheko, siki iliondolewa, ikaletwa pombe ya ndizi, yaani urwagwa. Walikuwapo pia wasiokunywa pombe, Waislamu na waliookoka, nao waliletewa umutobe, maji ya ndizi yasiyochachishwa. Katika dakika chache meza yote ilikuwa na kinywaji kitokacho katika tunda moja, kila mtu kwa dhamiri yake.

Urwagwa una habari tofauti kabisa na ile ya chupa. Ndizi huvundikwa shimoni kwa siku kadhaa, zimefunikwa kwa majani ya mgomba na kupashwa joto. Zikiiva humenywa, hukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, na maji yake huchujwa. Kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, likaachwa pombe lichache siku mbili au tatu. Baada ya hapo hakuna kungoja. Siku chache zikipita huharibika. Ndugu zake wamejaa kote katika ukanda wetu, kama vile rubisi ya Wahaya na mbege ya Wachaga, nao wote wana haraka ileile. Kinywaji cha namna hii hakiwezi kuwekwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Chamlazimisha mwenye nyumba kuwaita majirani leo.

Kuna jambo jingine katika desturi ya Rwanda ambalo lilinifundisha zaidi. Anayekaribisha hutangulia kuonja mbele ya mgeni. Wanyarwanda huita gusogongera. Vivyo hivyo chupa ya dukani hufunguliwa mgeni akiwa anaona. Wengi hueleza kwamba ni kumwondolea mgeni hofu ya sumu, na maelezo hayo ni ya kweli. Hofu hiyo haikuwa ya Rwanda peke yake. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, maadui wa Liyongo walimwalika kwenye kikoa cha kula makoma, ambapo kila mmoja alipaswa kupanda mti kwa zamu, wakipanga kumpiga mishale atakapokuwa juu. Yeye akayaangusha makoma kwa mishale yake bila kupanda. Mahali pa kula pamoja panaweza kuwa mahali pa hila. Ndiyo maana watu waliweka kanuni ya kuonja kwanza.

Lakini naona maana ya pili. Anayeonja kwanza anachukua dhamana ya kile atakachokisema. Akimpa mgeni kibuyu akasema "karibu, ni kizuri," amekwisha kukijua. Mimi nilifanya kinyume. Sifa zangu ziliandikwa siku tatu kabla ya kuonja, na nilipoonja sikuzibadili.

Je, miaka 29 ilipotea?

Mhakiki asiyeona ila makosa naye hajaonja vizuri. Yatupasa kuuliza kama mwenzetu alifanya upuuzi kuitunza chupa ile. Angeifungua mwaka 1998 angeikuta njema, na wenzake watatu wote wangekuwapo. Hoja hiyo ni nzito, wala sitaki kuipunguza. Mvumilivu hula mbivu, lakini methali haikusema kwamba mvumilivu ale bovu. Mwenye kuvundika hufunua shimo akatazama.

Hata hivyo, nilimwona mwenzetu alipokishika kile kizibo kilichovunjika. Alikizungusha kiganjani kwa muda, akamwita yule mwalimu mmoja aliyebaki, wakayataja majina ya wawili wasiokuwapo. Kisha wakataja majina ya wanafunzi wa darasa la mwaka 1996, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa madawati. Baadhi yao walikuwa wamekaa palepale sebuleni, watu wazima wenye watoto. Mmoja aliitikia "nipo, mwalimu," kama zamani. Hakuna aliyekuwa na habari ya divai wakati huo.

Kwa hiyo chupa ilifanya kazi, ingawa si kazi niliyoisifia. Haikuhifadhi utamu. Ilihifadhi ahadi, na ahadi haihitaji kizibo kizuri. Kama ningeandika haya, hotuba ingekuwa ya kweli, na ingemheshimu mwenye sherehe kuliko pua yote ya kifalme. Ingetosha kusema: "Divai hii imeharibika. Tuliipokea mwaka 1996 tukiwa wanne, leo tuko wawili. Aliyeitunza hakuharibika." Ni sentensi tatu fupi, zisizo na usemi wa kuazima hata mmoja, na shangazi angeziitikia.

Kwa walimu wenzangu

Narudi kwenye swali niliyoulizwa. Ningempa mwanafunzi alama ngapi? Sarufi ya hotuba ilikuwa safi. Upatanisho wa ngeli haukuwa na dosari. Sentensi zilikuwa na mizani. Kwa mazoea yetu ya kusahihisha, ingepata 8 juu ya 10. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Twawapa alama watoto wanaosifu jua la machweo ambalo hawakulitazama, na mama ambaye katika insha zote 40 ana mikono laini, hali mama wengi wa watoto hao wanalima. Twawafundisha kuandika kabla ya kuonja. Kisha wakikua, wakaandika juu ya riwaya au mashairi, hulisifu jina la mtungaji, hulisifu kwa maneno ya vitabu vya kigeni, na kitabu chenyewe hawakukigusa ila kwa ncha ya ulimi.

Napendekeza zoezi moja, ambalo nimekwisha kulijaribu na kidato changu. Divai haifai darasani, lakini chai inafaa, nasi tuna chai nyingi. Mwalimu aandae chai ya aina mbili katika birika mbili zilizoandikwa namba tu, moja iliyochemshwa kwa kiasi na nyingine iliyokaa mno jikoni. Kila mwanafunzi aonje, aandike sentensi tano kabla ya kuzungumza na mwenzake. Neno "nzuri" na neno "tamu" yasitumike. Mara ya kwanza darasa langu lilikaa kimya muda mrefu. Halafu msichana mmoja wa Nyamirambo akaandika kwamba chai ya pili ina ukakasi kama ganda la ndizi mbichi, na kwamba imechoka. Nilimpa 10, ingawa alikosea ngeli mahali pamoja.

Hotuba yangu naipa 3. Alama hizo ni za mwandiko.